Hedhi yako inakuja lini? Historia ya PCOS kwa sisi tunaotafuta mtoto

SEHEMU YA 1

Niliahidi kuandika kuhusu PCOS na ujumbe ulioingia ni mwingi kweli. Karibu wote unauliza dawa. Dawa nitazitaja, tulia. Ila nataka kwanza nikupitishe kwenye historia, kwa sababu mimi mwenyewe nilipoijua ndipo nilipoacha kujilaumu.

Nianze na mimi. Nina miaka 34, ni nesi hapa Bagamoyo, ndoa yangu ina miaka sita, sina mtoto. Huku kwetu Pwani ukishaolewa jina lako linaanza kuchakaa, watu wanasubiri kukuita mama fulani. Wodini wagonjwa huniuliza kwa nia njema kabisa, "Nesi, wewe mama nani?" Najibu, "Mama wa wote." Wanacheka, nami nacheka, naendelea kurekebisha dripu.

Hedhi yangu tangu nina miaka 15 inakuja inavyotaka. Mara miezi miwili, mara minne, mwaka mmoja niliiona mara tatu tu. Nilipoanza kutafuta mtoto nilikwenda hospitali moja, sitaitaja, sare yangu ikiwa kwenye begi. Nikaambiwa nina uchafu kwenye kizazi. Antibayotiki siku 14. Nikarudi, nikapewa nyingine. Mara ya tatu nikaambiwa ni UTI sugu. Miaka miwili nzima hakuna hata mmoja aliyeniuliza: hedhi yako inakuja lini? Na mimi, na diploma yangu ya uuguzi, sikuisema. Nilishaizoea, nilidhani ndivyo nilivyoumbwa.

Swali hilo la hedhi ndilo nitakalolifuata leo.

SEHEMU YA 2

Watu wa pwani hii walianza kuhangaikia uzazi zamani sana, kabla ya Mjerumani, kabla ya hospitali.

Kwa Wazaramo, Wakwere na Wadoe, yaani wenyewe wa maeneo haya kuanzia Dar mpaka huku na bara yake, msichana akivunja ungo aliwekwa ndani. Alikuwa mwali. Ndani humo alipewa mwana hiti, kinyago kidogo cha mti chenye kichwa na kiwiliwili, hakina mikono wala miguu. Alikitunza kama mtoto: anakipaka mafuta, anakilaza, anakitengeneza nywele. Siku hizi vinyago hivi ukitaka kuviona vingi utavikuta kwenye makumbusho ya Ulaya. Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Finland, aliishi Bunju, hapo njiani kuelekea kwetu, miaka ya 1960, na kitabu chake kuhusu mila za Wazaramo kilitoka mwaka 1970. Alieleza kwa kirefu jinsi mambo ya mwali yalivyofungamana na uzazi.

Sasa sikia jambo linaloniuma. Iliaminika kwamba mwali asipokitunza vizuri kile kinyago, huenda asizae. Unaona? Binti hajaolewa, hajajua mwanaume, lakini lawama ya ugumba imeshaandaliwa na jina lake liko juu yake. Miaka kumi baadaye mimba isiposhika, watu hawana haja ya kutafuta sababu mbali.

Lakini niwe mkweli, nisije nikawaonea bibi zetu. Kungwi na somo walikuwa wanajua siku za binti yao. Somo ndiye aliyemfundisha kujisitiri, ndiye aliyeambiwa damu ikija na ndiye aliyeshtuka isipokuja. Lile swali ambalo sikuulizwa hospitalini miaka miwili, bibi yangu angeulizwa na somo wake ndani ya mwezi mmoja. Jibu lake pengine lingekuwa ni chango, au ni jini mahaba, na mizizi ingechemshwa. Sikubaliani na jibu. Lakini swali waliliuliza.

Kuna mtu wa hapa hapa Bagamoyo, Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyeandika maisha ya watu wa mrima kwa Kiswahili. Kazi hiyo aliifanya pamoja na Mjerumani Carl Velten, ikachapishwa Göttingen, Ujerumani, mwaka 1903, inaitwa Desturi za Wasuaheli. Humo kuna mimba, kujifungua, malezi, unyago, pepo na waganga. Mtoro alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili na akafia huko mwaka 1927. Huwa najiuliza kama wanafunzi wake wa Kijerumani walielewa walichokuwa wanasoma. Sisi wa Pwani tukisoma tunajikuta: mama anayezungukwa na wanawake wenzake, dawa za kunywa, dawa za kufunga, mganga anayeitwa mambo yakigoma.

Tusidhani ni mambo ya kale tu. Kaole, kilomita chache kusini mwa mji, penye magofu ya msikiti wa karne ya 13, kuna kaburi la Sharifa. Mpaka leo watu wanakwenda kuomba na kuacha sadaka. Wapo wanaokwenda kuomba mtoto. Ukifika utakuta mabaki ya ubani. Nitarudi hapo mwishoni.

SEHEMU YA 3

Wakati huku kwetu tunasema chango, wenzetu walikuwa wanasema nini? Usidhani walikuwa mbele sana.

Mwaka 1721 mganga mmoja wa Italia, Antonio Vallisneri, aliandika kuhusu mwanamke kijana wa shamba, ameolewa, mnene kiasi, hazai. Ovari zake, alisema, zilikuwa kubwa kuliko kawaida, nyeupe, zinang'aa, zina vinundu, kama mayai ya njiwa. Aliandika alichokiona, akaishia hapo. Hakujua kwa nini.

Miaka 200 ikapita. Mwaka 1921 Wafaransa wawili, Achard na Thiers, wakaeleza kitu walichokiita kisukari cha wanawake wenye ndevu. Jina baya, najua. Ungekuwa wewe ndiye mgonjwa ungejisikiaje? Lakini walikuwa wameona jambo la kweli: vinyweleo vya kidevuni na sukari kwenye damu vinaweza kumpata mwanamke yule yule mmoja. Hakuna aliyeunganisha hilo na mayai ya njiwa ya Vallisneri.

Halafu Chicago. Madaktari wawili wa magonjwa ya wanawake, Irving Stein na Michael Leventhal, walikuwa na wagonjwa saba. Hawa saba walikuwa na kitu kimoja: hedhi imepotea au inakuja kwa kubahatisha. Baadhi walikuwa na vinyweleo, baadhi wanene, na ovari zao wote zilikuwa kubwa. Ultrasaundi haikuwepo. Unajua walizionaje? Walijaza gesi tumboni mwa mwanamke, kisha wakampiga eksirei, ili ovari zionekane zimesimama ndani ya ile hewa. Sisi leo tunalalamika kubana mkojo kwa ultrasaundi!

Wakampasua kila mmoja na kukata kipande kikubwa cha kila ovari. Likatokea la ajabu. Hedhi zikarudi kwa wote saba, na wawili wakashika mimba. Walichapisha mwaka 1935, na kwa miaka mingi ugonjwa huu uliitwa kwa majina yao.

Nataka uelewe kwa nini walifanikiwa pale wengine waliposhindwa. Siyo kisu. Walikusanya wanawake wanaofanana, na walichofanana kwanza kabisa ni hedhi. Waliuliza.

Sasa nikueleze kinachotokea ndani, kwa lugha ya jikoni. Kila mwezi ndani ya ovari vifuko kadhaa vidogo vyenye mayai huanza kukua. Kimoja huwapita wenzake, hupevuka, hupasuka, yai linatoka na kuingia kwenye mrija. Kwa mwenye PCOS vifuko vinaanza safari, vinakwama njiani. Homoni zinazoitwa za kiume, ambazo kila mwanamke anazo kidogo, kwake zimezidi. Insulini nayo mara nyingi imezidi, na inazidi kuziamsha zile homoni. Yai halipevuki, kwa hiyo hedhi haina ratiba. Ule mstari wa vidoti kama shanga kwenye picha ya ultrasaundi ni vifuko vilivyokwama. Siyo uvimbe wa kupasuliwa. Nimewahi kumkuta dada analia korido kwa sababu ameambiwa ana "vimbe nyingi" akadhani ni saratani. Jina hili limetutesa.

Ilichukua mpaka mwaka 1980 watafiti kuonyesha wazi kwamba insulini kuwa juu ni sehemu ya ugonjwa. Wale Wafaransa na ndevu zao za mwaka 1921 walikuwa wameshika mkia wa jambo lenyewe bila kujua.

Na mwaka 2003 wataalamu wakakutana Rotterdam, Uholanzi, wakakubaliana vipimo. Ukiwa na mawili kati ya haya matatu, na magonjwa mengine yameondolewa, una PCOS: hedhi isiyo na mpangilio, dalili za homoni za kiume kuzidi (kwa damu au kwa macho, kama vinyweleo na chunusi kali), na ovari zenye vifuko vingi. Kwa hiyo mwembamba anaweza kuwa nayo. Asiye na kidevu chenye nywele anaweza kuwa nayo. Mimi ni mwembamba, na hilo lilichangia watu wasinifikirie.

SEHEMU YA 4

Haya, dawa.

Kukata ovari kulileta shida yake. Kovu linashikamanisha mirija na nyama za pembeni, na mwanamke aliyefunguliwa njia moja anafungiwa nyingine. Kidonge kilipokuja, kisu kikaanza kuwekwa pembeni. Mwaka 1961 Robert Greenblatt na wenzake, Marekani, waliripoti kwamba klomifeni inaamsha ovari iliyolala. Mwaka 1967 ikaruhusiwa rasmi huko. Hii ndiyo ile ambayo mtaani wengine wanaiita dawa ya mapacha na kuinunua dirishani kama panado. Tafadhali. Ni kweli inaongeza uwezekano wa mapacha. Lakini inataka kupimwa kwanza na kufuatiliwa, na kuinywa mwezi hadi mwezi bila mtu kuangalia kama yai limepevuka ni kujichosha.

Metformini ina hadithi ninayoipenda. Chanzo chake ni utafiti uliotokana na mmea wa Ulaya, Galega officinalis, uliotumika zamani kama dawa ya kienyeji. Mmea wenyewe mifugo ikiula sana inadhurika. Wakemia wakafuata kilichomo, wakatengeneza kitu salama zaidi, na mwaka 1957 daktari wa Kifaransa Jean Sterne akaripoti kuitumia kwa wenye kisukari. Miaka ya 1990 ikaanza kujaribiwa kwa wenye PCOS. Kwa hiyo anayeniambia "nyie wa hospitali mnadharau mizizi" namjibu: hapana, nataka kujua kiasi gani kiko kwenye kikombe. Mmea ule ule unaweza kuwa dawa na unaweza kuua ng'ombe, na bila kipimo hujui umekunywa upi.

Kisha letrozoli. Hii ilitengenezwa kwa ajili ya saratani ya matiti. Mwaka 2001 Mohamed Mitwally na Robert Casper, wakiwa Kanada, waliripoti kwamba inaweza kupevusha yai kwa wanawake ambao klomifeni haikuwasaidia vizuri. Mwaka 2014 ukatoka utafiti mkubwa Marekani, wanawake 750 wenye PCOS, nusu klomifeni, nusu letrozoli, hadi mizunguko mitano. Waliojifungua mtoto hai kwa letrozoli walikuwa asilimia 27.5, kwa klomifeni asilimia 19.1. Ndiyo maana sasa miongozo ya kimataifa inaiweka ya kwanza. Soma namba hizo tena lakini. Hata kwa dawa bora zaidi, wengi hawakupata mtoto ndani ya mizunguko hiyo mitano. Anayekuuzia uhakika wa siku 30 kwa chupa ya laki mbili anakudanganya.

Naandika hili kwa sababu mwaka jana dada mmoja alinunua letrozoli aliyoandikiwa, akafungua karatasi iliyo ndani ya boksi, akasoma neno saratani. Akarudisha dawa. Kwa miezi mitano aliamini daktari amemficha ugonjwa. Hakuna aliyemweleza historia ya hicho kidonge, ingechukua dakika mbili tu.

Na kama unatumia chochote kati ya hivi, mumeo apimwe mbegu. Mapema, siyo baada ya wewe kumaliza mwaka wa vidonge. Najua hapa ndipo ujumbe wa akina baba unapokata.

Mambo mawili ya haraka kabla sijasahau. Kama una uzito mkubwa, kupunguza hata kilo chache, asilimia 5 hadi 10 ya uzito wako, kunaweza kurudisha hedhi. Na hata kama hutafuti mtoto, usikae miezi mingi bila kuona siku zako bila kumwona daktari. Ukuta wa kizazi unaojijenga bila kumwagika kwa muda mrefu ni hatari. Sukari nayo ipimwe.

Wale wa upandikizaji wa mimba, nimewaona. Mtoto wa kwanza wa njia hiyo, Louise Brown, alizaliwa Oldham, Uingereza, Julai 1978. Utasikia majina ya Edwards na Steptoe. Mimi nakutajia la tatu: Jean Purdy. Alikuwa nesi. Ndiye aliyekuwa maabara akilitazama lile yai likigawanyika. Kibao cha kumbukumbu kilipowekwa, jina lake liliachwa, ingawa Edwards aliomba liwepo. Alifariki mwaka 1985 akiwa na miaka 39, na lilikuja kuandikwa kwenye kibao miaka mingi baadaye. Manesi wenzangu mnaosoma, mnajua ninachosema.

SEHEMU YA 5

Sasa turudi nyumbani. Kwa nini mimi nilipewa antibayotiki miaka miwili?

Sababu ina historia pia, siyo uzembe tu. Mwaka 1985 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti wa Shirika la Afya Duniani, maelfu ya wenza wasiopata watoto katika nchi nyingi, na kichwa chake kiliuliza kama Afrika ni tofauti. Ilionekana hivyo. Kwetu, mirija iliyoziba kwa sababu ya maambukizi, magonjwa ya zinaa na maambukizi baada ya kujifungua au mimba kuharibika, ilikuwa sababu kubwa kuliko sehemu nyingine za dunia. Walimu wetu walifundishwa hivyo, wakatufundisha hivyo. Mwanamke asiyezaa akiingia mlangoni, akili inakimbilia mirija na uchafu. Ilikuwa sahihi kwa wengi, na bado ni sahihi kwa wengi. Lakini imekuwa pazia.

Madaktari wawili wa Muhimbili, Andrea Pembe na Muzdalifat Abeid, walilifungua kidogo pazia hilo. Mwaka 2009 walichapisha utafiti wa wanawake waliofika hapo kwa kukosa mtoto, wakitumia vipimo vya Rotterdam. Karibu mmoja kati ya watatu alikuwa na PCOS. Mmoja kati ya watatu! Mimi wakati huo nilikuwa bado sekondari, nikihesabu miezi bila kujua nahesabu nini.

Na Muhimbili yenyewe ina damu ya Bagamoyo. Sewa Haji Paroo, tajiri wa Kihindi aliyepata mali yake mjini kwetu kwa kuandaa misafara ya kwenda bara, alitoa fedha kwa hospitali hapa Bagamoyo na Dar es Salaam. Ile ya Dar, ya mwaka 1897, ndiyo mzizi wa Muhimbili, na jina lake bado linasikika pale. Ukipita mitaa yetu ya mawe ukaona watalii wanapiga picha milango, jua kwamba fedha za pembe zilizopita hapo ziliishia pia kwenye vitanda vya wagonjwa.

Mimi nilijulikana Dar. Daktari alikuwa mama wa makamo, amechoka, kliniki imejaa hadi nje. Hakufungua hata faili. Alisema, "Karibu mwanangu. Hedhi yako inakuja lini?" Nilishindwa kujibu, nikaanza kulia, akanisogezea boksi la tishu akasubiri. Nilikuwa na miaka 31.

Sasa niko mzunguko wa tatu wa letrozoli. Miwili ya kwanza yai lilipevuka mara moja, mimba haikushika. Mume wangu amepimwa, yuko sawa, na alikwenda mwenyewe bila kusukumwa. Mungu ambariki.

Mama mkwe wangu alikuja mwezi uliopita na chupa ya dawa ya chango. Nilimwamkia, nikamkalisha, nikamwonyesha picha yangu ya ultrasaundi, zile shanga. Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe. Aliiangalia muda mrefu. Akaniuliza zake zilikuwaje, kwa sababu yeye alikaa miaka tisa kabla ya kumpata mume wangu, na hakuzaa tena, na nyumba ya ukweni ilimsema mpaka bibi mkwe alipokufa. Hedhi yake, akasema, ilikuwa kama mvua za vuli, mwaka huu inanyesha, mwaka ujao haipo. Hajawahi kumwambia mtu. Hakuna aliyemuuliza.

Ile chupa aliirudisha kwenye mkoba. Akaniomba kitu kimoja tu, nimsindikize Kaole kwa Sharifa, kwa sababu mwaka aliopata mtoto alikuwa ametoka kuomba pale na hajarudi kushukuru. Nikasema sawa mama. Tulikwenda Jumamosi asubuhi kabla jua halijawa kali, na ubani wake, na vidonge vyangu kwenye pochi kwa sababu ilikuwa siku ya nne na nilipaswa kumeza saa tatu. Saa tatu ilipofika alinishikia chupa ya maji.